Mipira ya Meno na Karafuu za Bi Time

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nilikwisha jicheka zamani, ingawa mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu zinazoanikwa masikio yananiwaka moto, na kwetu Pemba, jamani, mtu ataikimbilia wapi harufu ya karafuu?

Ilikuwa kabla ya vita vile vikubwa vilivyoifanya mipira ya baiskeli iwe adimu kama maziwa ya kuku. Niliondoka Chake asubuhi moja bila mpango wowote. Shule nilikwisha iacha (mwalimu alisema nina maswali mengi kuliko masikio), kazi sina, nina baiskeli kuukuu na mkoba wa ukili wenye kikoi kimoja na kanzu moja. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, vichwa vya mikarafuu vimetokeza juu yake, na kila kilima kimekuwa kisiwa kidogo ndani ya kisiwa chetu. Nikashika njia ya kaskazini kwa sababu baiskeli ilikuwa imeelekea huko nilipoipanda. Nilikuwa naendesha na kuota, naota na kuendesha, hata jua likachwa, nikalala kwenye baraza ya msikiti njiani, na kesho yake nikaingia Konde.

Pale Konde, mbele ya kibanda cha fundi mmoja aitwaye Hamadi, nilikuta vijana wamezipindua baiskeli zao miguu juu, kila mtu anakaza hiki na kulegeza kile.

"Kuna nini, yakhe?" nikauliza.

"Kuna mbio. Tukishaswali Adhuhuri tunakwenda Shumba kwa njia ya mabondeni. Wee mgeni, kaa utazame."

Basi nikaelezwa. Kila vuli ikianza, vijana wa huko hushindana katika ile njia ya udongo mwekundu, na mahali tope likizidi mtu huitia baiskeli begani akakimbia nayo. Mwaka ule mbio zilikuwa na jambo zaidi. Mzee Kombo, mwoka mikate wa Shumba, alikuwa anatafuta mtu wa kupeleka mikate vijijini kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, na alikwisha tamka kwamba atakayetangulia kufika ndiye atapewa kazi, pamoja na chumba kilichopo nyuma ya tanuri.

Chumba! Wenzangu, tangu kule Chake mimi nilikuwa nalala kwenye baraza za watu, muda mrefu hata nikaanza kuota ukuta. Sioti kitanda wala godoro, naota ukuta wenye msumari wa kutundikia kanzu yangu. Nikaliona tanuri lile, nikalisikia joto lake mgongoni, nikanusa mkate. Nikasema nami nimo.

Shida ilikuwa mipira. Yangu ilikuwa imekwisha, nyuzi zinachungulia nje. Hamadi akanionyesha jozi mbili zilizotundikwa kwenye boriti: moja nyembamba, imelika mpaka ikawa laini kama tumbo la mjusi, na nyingine nene, ina meno marefu pande zote, imeachwa na mpima ardhi mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao.

"Ipi nzuri kwa tope?" nikamuuliza.

"Zote nzuri," akasema Hamadi. "Hii nyembamba nzuri kwa wembamba wake, na hii nene nzuri kwa unene wake. Chukua uitakayo nakuazima. Ukishinda nitasema mipira ni yangu, ukishindwa sikujui."

Kijana mmoja mrefu, jina lake Faki, alikuwa anajaza upepo mipira yake myembamba. Akacheka. "Hiyo ya meno utalima nayo, mgeni."

Mngenitazama nilivyosimama pale! Nilichota tope nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikazungusha gurudumu polepole karibu na sikio kama nasikiliza saa. Nikajiambia, paka akipanda mti hutoa kucha, sasa mimi nipande vilima vya Konde sina kucha? Nikachagua meno. Uamuzi mdogo tu, wallahi, mdogo kabisa.

Na mwanzoni, msinicheke bado, nilikuwa sahihi. Tulipotoka, mvua ndiyo kwanza imekatika, njia inateleza kama sabuni. Wenzangu wenye mipira laini walikuwa wanakwenda mbele kidogo na ubavuni sana, wanaanguka, wanainuka, wanaapa. Mimi meno yanauma udongo, napanda taratibu kama ninayevutwa kwa kamba kutoka juu. Nikampita huyu, nikampita yule, nikampita na Faki mwenye baiskeli begani na tope mpaka kwenye nyusi. "Nalima!" nikamwambia (maneno haya nayajutia). Kisha nikawa peke yangu. Mikarafuu inadondosha matone, jua linapita kwenye majani vipande vipande, ndege mmoja simjui jina analia neno moja tu, na mimi nateremka kuelekea Shumba nikiwa nusu macho na nusu usingizini, tayari naugongelea ukutani ule msumari wangu.

Sasa, kila mtu kwetu anajua kwamba mvua ikikatika, majamvi hutoka nje upesi na karafuu zikaanikwa tena, uwanjani, barazani, hata njiani, maana karafuu ikikosa jua inaharibika. Na kila mtu anajua adabu yake: ukifika kwenye majamvi unashuka, unaitia baiskeli begani, unapita pembeni na kutoa salamu. Mimi nalijua hilo tangu sijatoka meno ya utotoni. Nilipoyaona majamvi chini ya mteremko nikabana breki. Breki ikabana tope. Meno yale yalikuwa yamebeba nusu ya Konde, na udongo umejaa hata kwenye rimu, na baiskeli ikaendelea kwa furaha yake yenyewe.

Nilipita katikati ya jamvi la kwanza, nikapita la pili, na la tatu likaninasa pembeni likanifuata. Nyuma yangu wanawake wakapiga kelele. Nami, kwa kuwa bado nilikuwa ndotoni, nikadhani ndivyo watu wa Shumba wanavyompokea mshindi. Nikainua mkono. Nikawapungia!

Nilifika kwa Mzee Kombo wa kwanza, peke yangu, kifua mbele. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na unga mpaka viwikoni. Hakunitazama usoni. Alitazama magurudumu, nami nikayatazama. Haukuonekana mpira wala tope. Yalikuwa yamevaa karafuu duara zima, kama andazi lililogaragazwa kwenye ufuta, na nyuma yake jamvi limelala kama mkia.

"Karafuu hizi za nani?" akauliza.

Jibu likaja lenyewe kwa miguu, mwanamke wa makamo, kanga ameifunga kiunoni, anahema.

"Zangu! Mie n'nachuma tangu kukicha, n'nachambua mpaka vidole vyote vimeniota sugu, ntu aje avae karafuu zangu magurudumuni, na mkono anipungie!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Faki naye akafika, baiskeli begani, amepita pembeni ya majamvi yote na salamu ametoa. Mzee Kombo akamwangalia, akaniangalia.

"Mwanangu," akaniambia, na upole wake ndio ulioniua, "mbio umeshinda. Lakini mikate yangu inapita milangoni mwa watu hawa hawa. Nitampa vipi mtu asiyeweza kusimama?"

Faki akapewa kazi, na chumba. Msumari wangu ukang'oka.

Bi Time (ndilo jina la yule bibi) hakutaka radhi za mdomo. Alinirudisha uwanjani kwake, akanipa kigoda na ungo. "Chopoa, moja moja." Nikakaa nachopoa karafuu kutoka kwenye meno ya mpira kwa mwiba wa mchungwa, na kila apitaye anasimama kuuliza, na Bi Time anasimulia upya, na kila akisimulia mkono wangu unapunga juu zaidi. Wingu jeusi likaja kabla sijamaliza. Sikungoja kuambiwa. Niliruka, nikakunja majamvi, nikaanua mpaka karafuu ya mwisho, tone la kwanza likanikuta mlangoni na gunia begani.

Bi Time akanitazama nilivyolowa. "Una kwenu, weye?"

"Chake, Bi. Lakini sikuacha mtu anayenisubiri."

Akanyooshea mkono mlango wa nyuma. "Kuna chumba cha magunia. Ntu akilala humo panya hawasogei. Mpaka karafuu ziishe. Lakini gari lako lilale nje."

Nikaingia. Nikapapasa ukutani gizani, na msumari ulikuwapo. Nikatundika kanzu yangu, nikalala juu ya magunia nikisikiliza mvua inavyoyaosha meno yale uani, na nikaapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba nikiona jamvi mbele yangu nitashuka ningali mbali, hata kama halina kitu.