Ndege wa Kitenge cha Mama

Mama alikuwa fundi cherehani huko Cimpunda, na mimi nilianza kumsaidia kabla sijamaliza shule ya msingi. Baadaye, hesabu ya shuleni ilinishinda. Mwalimu aliandika x ubaoni na kututaka tuitafute. X ya mama haikuhitaji kutafutwa: ilikuwa kiuno cha mteja, kimesimama mbele yetu. Unakigawa kwa nne, unaongeza sentimita mbili za mshono, na kwa mteja aliyevuta tumbo ndani unaongeza mbili nyingine bila kumwambia.

Nilijifunza zaidi kwa sare za shule. Kitambaa chake ni buluu tupu. Mama alikitandika sakafuni na kupanga vipande vya sketi kichwa na miguu, upana wa kimoja ukiingia kwenye wembamba wa kingine, kama tulivyolala sisi watoto wanne kwenye kitanda kimoja. Tulienea, na sketi zilienea.

Alikufa nikiwa na miaka kumi na sita. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Aliugua, tukampeleka hospitali, tukamzika.

Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, papa, yaani baba yetu, alifungua sanduku la mama, akatoa kitenge kizima cha yadi sita, chenye ndege weupe wa miguu mirefu. Kwetu, siku hiyo familia huenda misani imevaa kitambaa kimoja.

"Hii alijiwekea mwenyewe," papa alisema. "Itoshe ninyi wote wanne."

Kisha akaenda kukaa nje.

Nilikuwa nimewahi kuwaona ndege wale sokoni Kadutu. Nilirudi kuwaulizia, hawakuwepo tena. Kama ningekosea kukata, mmoja wetu angekwenda misani na nguo tofauti, na nilijua ni nani. Mdogo wetu alikuwa na miaka saba, na mdogo hukatiwa mwisho.

Nilipiga hesabu kwa chaki sakafuni siku nzima. Mashati mawili ya kaka zangu, sketi na blauzi yangu, gauni la mdogo. Haikutosha. Nikapanga vipande vya gauni kichwa na miguu, kama mama. Ikatosha, ikabaki hata kamba ya mkanda. Nikakata. Nilijisifu kidogo, kimoyomoyo.

Dada yake papa, tunayemwita tantine, aliingia kuangalia kazi. Aliinua vipande viwili vya gauni, cha mbele na cha nyuma, akaviweka kifuani mwa mdogo kwa zamu.

"Huku ndege beko banasimama," alisema. "Huku beko banaanguka. Bamepigwa na nini?"

Nilitazama. Buluu tupu haina juu wala chini. Ndege wana juu na chini. Hilo mama hakuwahi kunifundisha, kwa sababu vitenge alivikata mwenyewe.

Nilisema nitakata gauni jingine kwenye kitambaa cha sketi yangu, nami nivae nguo nyingine. Tantine alikataa.

"Wewe ndiye mukubwa. Watasema mama yako hakuzaa binti. Weka hao wa kuanguka nyuma. Padri ataona wa mbele, wengine wana misa ya kusikiliza."

Shingo nilikuwa sijaikata, kwa hiyo kila kipande kingeweza kuwa mbele. Nilianza kuichora kwenye kipande cha ndege waliosimama. Mdogo alikuwa bado ameshikilia kile cha pili kifuani, ameinamisha kichwa.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "mimi nataka hawa mbele."

"Hawa wako kichwa chini."

"Hapana. Wananiangalia mimi."

Niliinama, nikaweka kichwa changu karibu na chake na kuangalia chini kama yeye. Alikuwa anasema kweli. Kwa aliyevaa, walikuwa wamesimama wima.

"Na watu?" tantine aliuliza. "Watu wataona nini?"

"Watu wana nguo zao," mdogo alisema.

Tantine alitoka kwenda kumshitaki kwa papa. Nilimsikia papa akicheka huko nje, mara moja tu, halafu akapenga kamasi.

Nilikata shingo ya mbele mahali mdogo alipotaka. Pindo la chini nililipa vidole vinne, apate kulishusha akirefuka.