Los Angeles ya Bulla Pesa

Juzi nilirudi Isiolo kumwona mama, nikakuta wapwa wangu wawili wameketi mlangoni wakibishana juu ya miji ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuikanyaga. Mmoja alikuwa wa Houston, mwingine wa Chicago. "Houston inakuja mbio, bro. Chicago yenu watu wanahama," alisema wa kwanza, macho kwenye simu. Mwenzake akageuza mada. Akasema hata muvi siku hizi zinatengenezwa Atlanta, Los Angeles imebaki na jina tu. Mama alikuwa akichambua mchele kando yao. Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Wale vijana hawakujua walichogusa. Wewe pia hujui, rafiki yangu, kwa hivyo kaa nikueleze taratibu.

Tulipokuwa wadogo tuliishi mtaa wa Bulla Pesa, hapo hapo Isiolo, kwenye ploti ya mabati iliyotazamana na ploti nyingine, kichochoro katikati. Upande wetu kulikuwa na kibanda cha video. Baada ya alasiri mwenye video aliwasha jenereta, na moshi wake ukachanganyika na harufu ya anjera, ile mikate laini ya Kisomali, kutoka jiko la jirani. Alisimama kando ya televisheni akitutafsiria filamu kwa sauti kubwa, nusu ya maneno akiyatunga mwenyewe. Upande wa pili hawakuwa na video, lakini vyumba vilikuwa vingi na kila chumba kilimwaga watoto.

Mwalimu wa jiografia ndiye aliyetupa majina. Alichora Amerika ubaoni, akatueleza kwamba New York ndiyo yenye watu wengi kuliko miji yote ya huko, na kwamba Chicago iliwahi kuifuata hadi Los Angeles ikaipita. Kwamba mji mzima unaweza kupitwa, kama mtu kwenye mbio, hilo lilituingia kichwani. Siku hiyo hiyo upande wetu wenye video ukawa Los Angeles, na upande wa pili uliojaa watoto ukawa New York.

Kiongozi wetu alikuwa binti wa dereva wa lori, Msomali wa zile familia ambazo babu zao waliletwa Isiolo wakiwa askari wa wakoloni. Alikuwa na mdomo, nami nilimpenda kwa huo mdomo. Kwenye foleni ya maji aliwaambia wa upande wa pili, "Nyinyi mmejazana tu kama mbuzi kwenye lori. Ni muvi gani imetoka kwenu?" Mtoto wa mwenye bucha, mkubwa wa New York, alimjibu bila haraka, "Muvi bila watu ni ya nini? Chicago pia ilijigamba. Iko wapi?"

Jibu hilo lilimkera. Akaamua kwamba Los Angeles itashinda kwa watu pia.

Hapa inafaa nikueleze jambo moja la kwetu Waborana. Nyanya yangu alikulia malishoni, na malishoni watoto na mifugo hawahesabiwi. Mchungaji hutazama zizi jioni na kwa macho tu anajua ni ngamia yupi hajarudi. Ukimuuliza wako wangapi, atakuambia wapo. Nyanya aliamini kwamba ukitaja idadi, umekiita kifo kije kupunguza. Lakini kwa kina dereva magunia yalihesabiwa asubuhi na jioni. Yule msichana angejuaje?

Jioni ile alipita upande wetu akigusa kila kichwa kwa kidole na kutaja namba. Watoto wakubwa hawakutosha, akaingiza na wachanga. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mgongoni kwangu, amelala. Akamgusa utosini. "Na huyu. Tumewapita."

Nyanya alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa. Akaacha. "Msichana, umemfanya nini huyu mtoto?"

"Nimemhesabu, nyanya. Ni mtu wa Los Angeles."

Nyanya alimtemea mtoto mate kidogo utosini, kama anavyobarikiwa mtu, akaomba dua kwa Kiborana, kisha akaniambia niingie ndani.

Surua ilifika baada ya hapo. Iliingia ploti zote mbili, na wengi waliugua wakapona. Mdogo wangu hakuwa amechanjwa, kwa kuwa wauguzi walipopita tulikuwa malishoni na nyanya. Akafa. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna zaidi. Surua haisikilizi hesabu ya mtu.

Siku ya msiba yule msichana alikuja na mama yake, wamebeba sinia ya wali. Nyanya alipokea sinia, akamkaribisha mama, kisha akamzuia binti mlangoni. "Wewe baki nje," alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa. "Humu bado kuna watoto."

Waliokuwa karibu walisikia, na habari ikavuka kichochoro. Kesho yake, kwenye foleni ya maji, mtoto wa mwenye bucha alimngoja yule msichana afike na jerikeni yake. "Los Angeles imepungua mmoja," alisema. Foleni nzima ikacheka, hata watu wetu. Toka hapo akipita, watoto walifunika vichwa kwa mikono na kukimbia, na akina mama waliwaita watoto wao ndani. Mwenye video akamwomba atazamie nje, kwenye tundu la bati, kwa sababu akiketi yeye, wengine huondoka na benchi linabaki tupu. Hakurusha tena hata tusi. Mwishowe baba yake alipanga magodoro juu ya magunia, wakahamia Ngaremara, nje ya mji. Lori lilipoondoka, miji yote miwili ilisimama kichochoroni pamoja, mikono vichwani, ikishangilia.

Leo kibanda cha video hakipo na nyanya amezikwa. Ploti ni za matofali, na watoto wa humo hawajui kwamba waliwahi kuwa na miji.

Safari hii nilipita Ngaremara kununua maziwa, nikamkuta yule binti wa dereva kwenye kibanda chake kando ya barabara, watoto wakicheza nyuma yake. "Salaam aleikum," nilimwambia, naye akanijua. Nikamweleza nililotamani kumweleza miaka yote, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu: kwamba ilikuwa surua, kwamba mtoto alikosa chanjo, kwamba kidole chake hakikuua mtu.

"Najua, dada," alisema. "Nesi wa kliniki aliniambia zamani. Hawa wangu wote wamechanjwa."

Nilifurahi kiasi cha kujisahau. Nikamuuliza wako wangapi.

Aliangalia barabara hadi lori lililokuwa likipita likatokomea. Kisha akanijibu kama wanavyojibu watu wa kwetu, wale wale waliomfukuza.

"Wapo," alisema, akanifungia maziwa yangu.