Salamu ya Mikono Miwili

Joakimu wa Masakta hakuacha hata siku moja kusalimia kwa mikono miwili. Wa kulia alikupa, na wa kushoto ulishika kiwiko cha ule wa kulia, kama tunavyofanya sisi tukimsalimia mzee au mkwe. Yeye alimfanyia hivyo kila mtu, hata watoto wa chekechea. Majirani walimtania, "Huyu kila anayekutana naye ni mkwe wake!" Lakini walimpenda kwa hilo, na hakuwa amefika miaka arobaini walipomchagua kuwa mzee wa kanisa.

Mimi nilijua sababu. Kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa viungo, hapa hospitali ya Haydom. Siku ya kwanza aliponisalimia niliona vidole vya mkono wake wa kushoto vimekaza mpaka vimepauka. Alikuwa anazuia bega lisichomoke.

Lilichomoka mara ya kwanza shambani. Alikuwa amejizungushia kamba mkononi, maksai mmoja akashtuka na kukimbia naye. Jirani alilivuta bega likarudi. Baada ya hapo likawa linatoka kwa vitu vidogo: kurusha furushi la majani, kujinyoosha kitandani. Kila lilipotoka, ukingo wa mfupa unaolishikilia ulizidi kulika. Na Joakimu aliishi kwa kulima na maksai, mashamba yake na ya watu. Mjeledi huinuliwa juu na kurudishwa nyuma, na bega lake lilipenda kutoka hapohapo.

Daktari wa mifupa alimshauri afanyiwe upasuaji, kisha akamleta kwangu tuzungumze. Alikuja na kaka yake, Wolfgang, ambaye alinivuta pembeni.

"Dada, mwambie tu atapona. Ukianza kumhesabia mabaya, huyu anapanda basi."

Nilifikiri sana kabla ya kurudi ndani. Kisha nikamweleza yote. Kwamba kwa wengi bega halitoki tena, lakini kwa wachache hutoka hata baada ya kushonwa. Kwamba kidonda kinaweza kuingia vijidudu, na mshipa wa fahamu unaweza kuguswa, mkono ukafa ganzi. Kwamba atafunga mkono shingoni wiki sita, na hata mambo yakienda vizuri, bega linaweza kukaza.

"Na mjeledi?" aliuliza.

"Hilo, kaka Joakimu, sina hakika nalo. Huenda usiuinue tena kama zamani."

Alipanda basi, kama Wolfgang alivyosema, na Wolfgang hakuniaga.

Baada ya wiki mbili alirudi na mkewe, Marieta. Bega lilikuwa limetoka akivaa koti la kwenda kanisani. "Kama hata koti linanishinda," alisema, "mjeledi nilishaupoteza." Akatia sahihi.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki ya tatu akiwa nyumbani, mkono umening'inia kwenye kitambaa, baba mkwe wake, mzee Qamara, alifika kumpa pole. Nilikuwa nimemwonya Joakimu asinyanyue kitu, asivute kitu, asilalie upande ule. Sikuwahi kufikiria salamu. Mtu wa huku hampi baba mkwe mkono wa kushoto. Aliinuka, akauchomoa mkono kwenye kitambaa, akasema, "Shikamoo, baba." Mzee, kwa furaha ya kumwona mzima, akaushika na kuutikisa kwa nguvu zake zote.

"Baba, mwachie!" Marieta alipiga kelele.

"Kwani namla?" mzee alishangaa.

Walimleta kesho yake, amekunja uso. Picha ilionyesha hapakuharibika kitu. Lakini hofu ilikuwa imemwingia. Wiki sita zilipoisha nilimwambia wakati wa mazoezi umefika, akatikisa kichwa. Mwezi mzima aliushikilia mkono kifuani kama kifaranga. Alipokubali kuulegeza, bega lilikuwa limekaza. Tulihangaika nalo miezi saba. Halikutoka tena, na halikufika nyuma tena. Mpaka leo sijui kilicholikaza lile bega ni upasuaji, ni ule mwezi wa hofu, au ni mimi niliyemhesabia mabaya akayabeba moyoni. Nimejiuliza hivyo kwa wagonjwa wengine pia.

Msimu uliofuata maksai waliongozwa na binti yake, Judica. Joakimu alitembea nyuma, ameshika mikono ya plau, akiwaita ng'ombe kwa majina. Watu walicheka kuona msichana na mjeledi, halafu wakazoea, kwa sababu mistari ilinyooka.

Nilimwona mara ya mwisho stendi ya basi, Januari, kabla ya homa ya ini iliyomchukua. Alikuwa amebeba gunia la mbaazi begani, bega lilelile. Alilitua, akanisalimia, mkono wa kushoto ukashika kiwiko. Safari hii vidole vilikuwa vimelegea.

"Kaka Joakimu," nikamwambia, "bega halitoki tena. Mbona bado unalishikilia?"

Aliutazama mkono wake kama aliyesahau kwamba uko pale.

"Ungenidanganya siku ile, dada," alisema, "leo ningekupa mkono mmoja tu."