Vipande Viwili vya Kushoto

Wanamwita Mama Sare. Kibanda chake kimeshona sare za shule tangu nimjue: sketi za buluu, mashati meupe, kaptura za kijivu, kisha sketi za buluu tena, maana sare hazikosi mteja kila muhula. Ukimwamsha usingizini ukamtajia umri wa mtoto, atakutajia urefu wa sketi. Mimi ni msusi, vibanda vyetu vimepakana, na nikisema namjua, basi namjua hadi kikohozi chake. Mgongo umeanza kumpinda, na siku hizi akikaa bila kazi mkononi anasinzia palepale.

Bintiye mkubwa alikuwa anaolewa. Mama Sare akamwahidi gauni. Binti akamjibu kwa upole, na upole ndio uliouma: "Mama, usijisumbue, nimeshakodi. Nguo zako nzuri, ila zote zina sura ya shule."

Mama Sare akacheka mbele ya bintiye. Alipofika kwangu alikaa kwenye kiti cha wateja akalia. "Nitakaa mbele za watu nimwangalie mwanangu ndani ya mshono wa mtu mwingine," alisema. Mimi kubembeleza sijui. Nikamwambia akanunue kitambaa, atalia akimaliza.

Akanunua satini, kile kitambaa kinachong'aa upande mmoja tu, kidogo. Siku zote zikamezwa na sare za watu, ukabaki usiku wa kuamkia harusi. Nikabaki naye, ingawa miguu yangu ilikuwa imevimba kwa kusimama tangu asubuhi. Ndipo umeme ukakatika. Tukavuta mlango kuzuia upepo, nikamshikia tochi ya simu, akaanza kukata.

"Hebu nyamaza kidogo, nakata."

"Nikinyamaza nitalala. Nikilala utakata gizani. Chagua mwenyewe."

Sare hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, kushoto na kulia vinatoka pamoja, huna haja ya kufikiri. Satini ile haikutosha kukunjwa. Akaitandaza, akakata mikono, nyuma na sketi, kisha kipande cha mbele, akasogeza karatasi ya kipimo, akakata cha pili. Karatasi hakuigeuza. Alipoviinua ili aviunganishe, vyote viwili vilikuwa vya kushoto. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, jamani, na kitambaa kimekwisha.

Nikatoka mbio kwenda kumgongea muuza vitambaa nyumbani kwake. Geti la soko letu limefungwa. Mlinzi aliona giza, akaona mlango umevutwa, akadhani tumeondoka, akafunga akaenda zake. Nikapiga bati mpaka kiganja kikawaka moto. Hakuna aliyeitika.

Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni.

"Avae la kukodi," alisema. "Nimechoka, mwenzangu. Wala si leo. Nimechoka zamani, nilikuwa sijasema tu."

Hasira zikanipanda, sijui kwa nani: mlinzi, umeme, yule binti na shule yake. Nikachukua kipande kimoja nikakirusha mezani. Kikaangukia kando ya mwenzake, kimegeuka, ndani imekuwa nje. Sasa vilikuwa kushoto na kulia sawasawa, ila kimoja kinang'aa na kingine kimefifia. Nikanyoosha mkono kukiondoa.

"Kiache," akasema.

Akainuka. Akanipokonya simu, akavimulika huku, akavimulika kule. Kisha akachukua mkono mmoja wa gauni, akaugeuza ndani nje, akauweka upande unaong'aa, na ule wa kung'aa akaupeleka upande wa pili. Akafanya hivyohivyo nyuma, na kwenye sketi, kipande kwa kipande. Nikamuuliza anafanya nini, akasema hajui, nisimsemeshe. Cherehani yake ni ya kukanyaga, umeme haina habari nao. Alikanyaga mpaka asubuhi mlinzi akafungua geti, na mimi, nakiri, nilikuwa nimeshauchapa usingizi juu ya furushi la kaptura.

Tulifika nyumbani kwa Mama Sare tuko hoi. Gauni la kukodi lilikuwa limeshatolewa kwenye mfuko wake, limetundikwa mlangoni. Binti akalipokea la mama yake ili asimvunje moyo, nilimwona usoni. Akalivaa. Akasimama mbele ya kioo, akageuka kidogo, nuru ya dirisha ikahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

"Mama, hili umelitoa wapi?"

"Nimeshona."

"Usinitanie."

Nikamwambia hatanii, nimelala hapohapo likishonwa. Mama Sare hakuwa na nguvu ya kujitetea. Alikuwa ameshapiga magoti anarekebisha pindo, pini zimejaa mdomoni. Binti akamtazama kutoka juu, akautazama mkono unaong'aa, akamtazama tena.

"Kumbe unaweza hivi," alisema. "Miaka yote hii, Mama. Mbona hukuwahi kushona kitu kama hiki?"

Mama Sare akazitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye pindo.

"Mlikuwa mnasoma," alisema.