Mwanya Ulikuwa wa Nani

Sijawahi kumjua mama akiwa na meno ya mbele. Ya juu yaling'oka kabla sijapata akili, na ule mdomo ulioingia ndani kidogo ndio niliojua kuwa sura yake. Kwa hiyo daktari wa meno hapa Mpanda mjini aliponiuliza, "Mama alikuwa na meno ya namna gani?" nilimgeukia mama mwenyewe.

Mama mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda. Alikuwa amehamia kwangu, mtaa wa Makanyagio, akachoka kukatiwa nyama vipande vidogo kama mtoto.

Daktari, dada mmoja mpole, alitueleza kwa utaratibu. Kuna meno ya kupandikiza, yanayofungwa kwa skrubu kwenye mfupa wa taya. Hayo yangetupeleka mji mkubwa, na mfupa wa mama ulikuwa umeshapungua. Kuna ya daraja, yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani baada ya kuyachonga. Mama akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haya machache niliyobaki nayo, ndiyo uyachonge?"

Yalibaki ya kuvaa na kuvua, yanayolazwa kwenye maji usiku. Mimi kichwa kilikuwa kimeshajaa, naitikia kila kitu. Mama ndiye aliyechagua hayo ya kuvaa. Daktari akamchukulia vipimo, kisha akaomba picha ya zamani ili meno yafanane na yake. Hatukuwa nayo.

"Nilikuwa na mwanya," mama akasema. "Hapa katikati. Baba yako aliuona mwanya kabla hajaniona mimi."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Jioni nikampigia simu mama mkubwa, dada yake anayeishi kwao Karema, nikidhani atafurahi.

"Mwanya ulikuwa wangu," akasema. "Meno ya mdogo wangu yalibanana. Muulize vizuri."

Nikamuuliza. Mama alikuwa anachambua mchicha na hakuinua kichwa. "Dada amezeeka. Anasahau."

Sikujua nimwamini nani. Baba alishafariki, na mtu mwingine wa kuuliza sikuwa naye.

Tuliporudi, daktari alikuwa ameyapanga meno kwenye nta ili tuyaone kabla hayajatengenezwa moja kwa moja. Alikuwa ameacha mwanya. Mama akavaa, akashika kioo, akakaa nacho muda mrefu.

"Huyu ni dada yangu," akasema polepole.

"Niyabananishe?" daktari akauliza. "Kwenye nta bado inawezekana."

Mama akanigeukia. "Wewe unaonaje?"

Nilimwona mwanamke mzuri, mashavu yamejaa, ambaye sikuwahi kuishi naye. Nilitaka kumwambia amependeza, na nilitaka pia kumwambia ayavue. Nikasema sijui.

"Yaache hivyo hivyo," mama akamwambia daktari.

Meno yalipokamilika, wiki za kwanza zilinichanganya zaidi. Mama akiita kutoka uani nilidhani ni mgeni, kwa sababu kila "s" ilitoka na mluzi. Akiyavua usiku nilipumua, halafu nikajilaumu kwa kupumua.

Baadaye mama mkubwa akaja kututembelea. Yeye sasa hana hata jino moja. Hakukaa kwanza, alimshika mama kidevu, akamwambia, "Cheka."

Mama akacheka. Mama mkubwa akamtazama, akaugusa ule mwanya kwa ncha ya kidole, naye akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Kisha machozi yakamtoka. Wakaingia kwenye Kibende, haraka haraka, lugha ambayo mimi mtoto wa mjini naokota neno moja moja. Nikauliza wanasema nini.

"Ya Karema," mama akajibu, wakaendelea.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza mama mkubwa stendi. Kabla ya kupanda basi akanivuta karibu.

"Mwenye mwanya alikuwa yeye," akasema. "Usimbishie tena mama yako."

"Lakini kwenye simu uliniambia..."

"Nimekwambia ni yeye."

Akapanda, akakaa upande wa dirisha, akafunga mtandio wake vizuri. Nilimtazama usoni nikitafuta kama amekumbuka, au kama ameamua kumwachia mdogo wake. Sikuona kitu. Nyumbani mama aliniuliza dada yake amesema nini. Nikamwambia ametusalimia sote.