Wajina Wawili Shimoni

Tulikuwa watu wachache katika chumba cha kupanga mjini Kahama, tukitengeneza programu za simu na kompyuta. Kiongozi wetu nilisoma naye chuo. Mwenzangu mmoja, mwanamume mpole aliyeoa karibuni, ndiye aliyekuwa akiandika sehemu kubwa ya programu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzipima kabla hazijatoka, yaani kuzitafutia kasoro. Walinitania kwamba mimi ni mama mkwe wa ofisi, sikosi la kulalamikia.

Siku moja tulipata kazi kwa wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu. Walikuwa na duara, shimo refu la dhahabu, na mwamba wa chini waliupasua kwa baruti. Walitaka simu iwaambie kama shimoni bado kuna mtu. Msimamizi wa mlangoni angeingiza jina la kila anayeshuka, na akipanda angelifuta. Shimo likibaki tupu, kioo kingegeuka kijani na mlipuaji angeruhusiwa kuwasha.

Ofisini programu ilifanya kazi vizuri. Niliomba tukakae nayo machimboni kwanza, tuone inavyotumika kwenye vumbi na watu wenye haraka. Kiongozi akasema wateja wamesubiri vya kutosha, na kwamba mwenzetu aliyeiandika ameshaipima mwenyewe. Nikamwambia aliyeandika huona alichokusudia, si alichoandika. Akanijibu, bila ukali, kwamba nikiachiwa nitapima hadi mwisho wa dunia. Wakacheka, nami nikacheka nao. Programu ikaenda.

Hatukusikia malalamiko. Baadaye mimi na mwenzangu tulitumwa huko kumfundisha msimamizi mpya. Mchana ule tulikuwa chini ya turubai, watu wakipanda mmoja mmoja kwa winchi, naye msimamizi akifuta majina. Kioo kikawa kijani. Mwenzangu alinitazama akitabasamu kama mzazi ambaye mtoto wake amefaulu. Mlipuaji akapuliza filimbi watu wasogee. Nyaya za baruti zilikuwa zimeshavutwa hadi juu.

Mama aliyekuwa akiuza chakula pale machimboni akaja na sahani iliyofunikwa. Alimuuliza msimamizi mume wake yuko wapi, wali unapoa. Msimamizi akamwonyesha simu, akamwambia ameshapanda.

“Aliyepanda ni wajina wake,” mama akasema. “Wangu bado yuko chini.”

Mwenzangu aliichukua ile simu mkononi mwa msimamizi, akaona orodha ni tupu. Alisema kwa sauti ndogo sana, “Asiwashe. Mwambieni asiwashe.”

Nilikimbia nikamshika mlipuaji mkono. Sikumbuki nilimwambia nini. Wakaita shimoni, hakuna jibu, wakateremsha mtu. Baada ya muda mume yule akapanda, mweupe kwa vumbi, amekasirika kwamba wamemkatisha kazi. Alikuwa kwenye njia ya pembeni akikusanya vifaa vyake, na filimbi haikumfikia. Alipoona nyaya na mkewe ameketi chini analia, aliketi kando yake. Alipokea sahani, na wali mwingi ulimwagika.

Usukumani kila nyumba ina majina yale yale machache. Programu yetu, ikiambiwa ifute jina, iliwafuta wote wenye jina hilo. Ofisini mwenzangu aliijaribu kwa majina aliyoyabuni, na hakuna lililofanana na jingine.

Tuliporudi, kiongozi alitaka kosa lirekebishwe kimya kimya. Nilimwambia nitakwenda mwenyewe kuwaeleza wachimbaji kilichotokea, hata akinifukuza. Akaniambia tutakwenda pamoja.

Walitusikiliza, wakaturudishia simu tulizowapa, wakarudi kuitana kwa sauti mlangoni na kuhakikisha kila uso. Sikuwalaumu.

Tangu hapo hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe. Mwingine huisoma, na kabla hatujaandika chochote tunakwenda kukaa na watakaoitumia, tunawauliza siku zao mbaya huwaje. Kiongozi ndiye anayesisitiza zaidi sasa. Lakini mwenzangu hakubaki kuyaona hayo. Tulimwambia kosa ni letu sote, na lilikuwa letu, ila yeye aliitikia kwa kichwa tu. Kila alipomaliza kipande cha kazi alikifuta akaanza upya. Mwishowe akaacha.

Nilikutana naye Kolandoto nilipompeleka mama yangu hospitali. Alimwamkia mama kwa heshima, akamtafutia kiti kwenye foleni, akaniambia siku hizi anatengeneza redio na simu kwao Ushirombo. Nilimuuliza kama mkewe anajua kwa nini aliacha.

“Anadhani mlinifukuza,” akasema. “Mwache adhani hivyo.”

Nilitaka kumwambia amweleze mkewe ukweli, lakini muuguzi akamwita mama, nikaingia naye. Tulipotoka alikuwa ameshaondoka.