Vyumba vya Watumwa Wakati wa Wakimbizi

Miaka ile Wakongo walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, mimi nilikuwa mtunzaji wa shamba la zamani la michikichi, nje kidogo ya Ujiji. Humo shambani vilibaki vyumba vinne vya udongo walimofungiwa watumwa. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuziba nyufa na kukaa na funguo. Sharti lilikuwa moja: asilale mtu humo.

Bibi yangu niliyeishi naye hakuwahi kuingia. Mama yake aliletwa pale kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa msichana mdogo. Bibi akipita karibu, aligeuza uso.

Mchana mmoja wa masika alikuja mwanamke, binti yake mchanga mgongoni, wote wameloa. Shule ya Kasingirima ilishajaa wakimbizi. Kwetu nako tulikuwa tumelaza watu mpaka jikoni. Mtoto alikuwa akiharisha tangu wakiwa botini, macho yameingia ndani.

"Mama, unipe fasi tu," aliniambia. "Hata ya mbuzi."

Nikatoa funguo. Bibi akanidaka mkono.

"Humo hapana! Mama yangu walimtoa humo kama mzigo. Watu hawaingizwi tena humo."

"Sasa tumpeleke wapi, Bibi?"

Alinitazama, akaitazama mvua, akaniachia.

Nilitandika mkeka. Yule mwanamke aliomba jambo moja, mlango nisiufunge. Nikawasha jiko mlemle, nikachemsha maji, nikatia chumvi na sukari, nikamnywesha mtoto kwa kijiko. Akatapika yote. Nikakimbia zahanati. Foleni ilifika barabarani, na mhudumu, mwenyewe hoi, akaniambia dripu zimekwisha muda si mrefu. Niliporudi mtoto alikuwa kimya. Nikashukuru, nikidhani amelala.

Mama yake ndiye aliyeniambia.

Bibi alikuja na ndoo ya maji na kitambaa cheupe alichojiwekea mwenyewe kwa siku yake. Alisimama kizingitini, kisha akainama akaingia.

"Nipe, mwanangu," alisema. "Nimwoshe."

Mwanamke hakumwachia upesi. Akauliza, "Hapa ni fasi gani, Bibi?"

"Ni kwa mama yangu," Bibi akajibu.

Tulimzika kabla ya magharibi, watu sita tu. Siku ya tatu lori la kambini likaja kumchukua mwanamke. Alipanda bila kuaga na sikumlaumu. Wiki hiyohiyo ofisa wa mambo ya kale aliyeniajiri akagundua majivu ya jiko mle chumbani. Nikarudisha funguo, kazi ikaisha.

Bibi hakuwahi kunisema. Mimi ndiye ninayejisema. Ningeanza na zahanati, pengine dripu moja ingekuwepo. Mimi nilisimama mvuani nikibishana juu ya mlango, na mtoto yuko mgongoni mwa mama yake, anakauka.